Ngitili ya Uzee

Yako maneno ambayo mtu huyasema kwa nia njema, na miaka ikiisha kupita huyakumbuka kwa haya. Sisi tunalo neno moja la namna hiyo, nalo ni neno "pumzika." Twataka kueleza habari yake hapa, kwa sababu wengi wasomao kurasa hizi ni walimu, na mlango tunaouona sisi mbele yetu, wao nao watauona. Tena wengine wao ni wakuu wa shule, na siku moja watalisema neno hilo kwa wenzao kama tulivyolisema sisi.

Twafundisha katika shule ya msingi iliyo upande wa Kakola, katika njia itokayo Kahama kwenda Geita. Tulizaliwa mwaka 1967, na mwaka 1975 tuliingia darasa la kwanza. Siku zile nchi ilikuwa imekwisha kuazimia, katika mkutano wa Musoma wa mwaka 1974, ya kuwa watoto wote wapate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977, na vijana wengi walitiwa katika kazi ya ualimu kwa haraka. Mmoja wao alikuwa kijana wa miaka 23, ambaye alitushika mkono tukaandika herufi ya kwanza kwa kijiti juu ya mchanga. Jina lake hatulitaji, maana yeye si mtu wa kupenda kutajwa. Tutamwita Mwalimu tu, kama tumwitavyo hata leo.

Miaka ikapita, nasi tukawa walimu, na mambo ya kazi yakaturudisha katika shule ile ile, tena tukiwa wakuu wa shule. Mwalimu alikuwa bado yupo, katika darasa la kwanza. Ilikuwa jambo la aibu kidogo kumwandikia ratiba mtu aliyetufundisha kusoma, lakini yeye aliipokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, Mkuu," wala hakuwa na dhihaka katika neno hilo.

Mwaka 2012 Mwalimu alitimiza miaka 60. Ijumaa alifundisha vipindi vyake vyote, akafuta ubao, akafunga kabati. Jumatatu hakuwa mwalimu tena. Tulimfanyia karamu, tukachinja mbuzi, wazazi wakampa blanketi na kiti cha uvivu. Tulisimama mbele ya watu tukatoa hotuba, tukasema: "Mwalimu, umetumika vya kutosha. Sasa pumzika." Watu wakapiga makofi. Yeye alikaa juu ya kile kiti kipya, akatazama chini.

Mwezi wa Januari mwaka 2013 shule ilipofunguliwa, tulimwona asubuhi chini ya mwembe ulio nje ya uwanja. Alikuwa amevaa koti lake la kazi. Tulimsalimu kwa desturi ya kwetu, "Mwangaluka, Mwalimu," akaitikia. Siku ya pili alikuwa pale pale, na siku ya tatu. Siku ya nne alikuja ofisini, akaketi, akasema ya kuwa angependa kusaidia asubuhi mbili katika juma, kusomesha watoto wazito wa kusoma. Hakutaja mshahara. Sisi tulifikiri ratiba, tukafikiri wakaguzi, tukafikiri mtu asiye mtumishi kusimama darasani, na jambo likipatikana nani atajibu. Basi tukamwambia kwa upole, "Hapana, Mwalimu. Pumzika." Akainuka, akatushukuru, akatoka. Tangu siku ile hatukumwona chini ya mwembe.

Sasa wenyeji wa sehemu hizi wanajua pesa ya mstaafu huenda wapi. Huku kwetu dhahabu i karibu kuliko benki. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Lakini kandokando ya migodi hiyo mikubwa wako wachimbaji wadogo, na duara zao ni nyingi kama mashimo ya panya. Bei ya dhahabu ulimwenguni ilikuwa imepanda sana mwaka 2011, na kila kijana mwenye sururu alijiona tajiri wa kesho. Wajomba wawili wa Mwalimu walikuwa na duara isiyo na fedha ya kuendelea. Mwalimu alikuwa amepokea kiinua mgongo chake. Akanunua pampu, akanunua matimba ya kuzuia kuta zisianguke, akatoa fedha ya dizeli na ya chakula cha wachimbaji. Mwaka ule ule wa 2013 bei ya dhahabu ikaanguka. Masika yalipokuja, maji yakaingia ndani ya duara kuliko nguvu ya pampu. Mawe machache waliyopata yalipelekwa kwenye karasha, yakasagwa, na ilipotiwa zebaki ikaonekana dhahabu isiyotosha hata kulipa dizeli.

Tulikwenda nyumbani kumpa pole. Moyoni tulikuwa na hukumu yetu, ya kuwa tamaa imempata mzee katika siku zake za mwisho. Akatuletea kiti, akatutazama, na kana kwamba ameyasoma mawazo yetu akasema, "Mwanangu, sikutafuta dhahabu. Nilitafuta mahali pa kwenda asubuhi."

Ndugu wasomaji, tangu siku ile neno hilo halijatuacha.

Hebu tufikiri pamoja. Mkulima wa Kisukuma hana siku ya kustaafu. Akiwa kijana hushika jembe la ng'ombe yeye mwenyewe. Nguvu zikipungua humwachia mwanawe jembe, naye huongoza ng'ombe mbele. Baadaye hulinda mpunga na ndege, kisha hukaa kivulini akisema mvua gani ni ya kupanda na mvua gani ni ya kudanganya. Hakuna asubuhi hata moja aliyoamka akaambiwa, "Jana ulikuwa mkulima, leo si mkulima." Hata katika machimbo madogo ni hivyo. Aliyeshuka duarani akiwa kijana, akizeeka huketi penye karasha, kisha hulinda mifuko ya mawe, kisha huitwa kuamua ugomvi wa mafungu.

Na zamani katika Usukuma vijana walikuwa na kundi lao, basumba, chini ya kiongozi wao nsumba ntale, nao ndio waliokusanyika kulima na kujenga. Wazee, banamhala, walikuwa na baraza lao. Mtu alipotoka kwa vijana hakuachwa njiani, bali aliingia kwa wazee, na huko nako kulikuwa na kazi inayomngoja. Ni sisi tulioajiriwa kwa barua tu ambao hupanda ngazi kwa miaka 35, daraja baada ya daraja, kisha hushushwa kwa siku moja kama gunia litupwalo kutoka juu ya lori.

Desturi hii ya kuacha kazi kwa siku moja haikuzaliwa kwetu. Mwaka 1889 Ujerumani, katika siku za Bismarck, ilitunga sheria ya pensheni ya uzee, na umri uliowekwa ulikuwa miaka 70. Mwaka 1916 ukashushwa kuwa 65. Ilikuwa sheria ya rehema, maana kabla yake mfanyakazi mzee alitegemea wanawe au sadaka. Lakini pamoja na rehema ulikuja mstari mmoja uliochorwa katika kalenda, na nchi nyingine zikauiga. Kwetu Tanzania, sheria ya mwaka 2018 ya mfuko wa hifadhi ya jamii kwa watumishi wa umma yasema ya kuwa mtumishi aweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na miaka 60. Maprofesa, wahadhiri waandamizi na madaktari bingwa wameongezewa hata miaka 65. Hatuwaonei wivu. Twauliza tu: ikiwa nchi imeona ya kuwa ujuzi wa daktari haufi usiku wa kutimiza miaka 60, je, ujuzi wa kumfundisha mtoto kusoma hufa usiku huo?

Tena tuseme ukweli: sisi wenye pensheni ni wachache, na wazee wengi wa vijiji hivi hawana chochote. Huko Zanzibar Serikali ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa, na hilo ni jambo jema. Huku bara mzee asiyeajiriwa hutegemea shamba na watoto. Basi mtu asidhani ya kuwa twalalamika kama wenye njaa. Shida tunayoieleza si ya tumbo tu.

Wako waliojaribu njia nyingine. Nchi ya Sweden mwaka 1976 ilianzisha mpango wa mfanyakazi mwenye miaka 60 hata 65 kupunguza saa zake za kazi, na sehemu ya mshahara aliopoteza akalipwa kwa pensheni ya nusu. Ujerumani nao mwaka 1996 walitunga sheria ya kazi ya nusu kwa wazee. Lakini huko lilitokea jambo la kutufundisha. Sheria iliruhusu mtu azikusanye saa zake, afanye kazi yote katika miaka ya kwanza, kisha asifanye kabisa katika miaka iliyobaki, naye alipwe wakati wote. Wengi walichagua hivyo, na waajiri wakapenda, kwa kuwa ni rahisi kupanga. Hivyo kilichokusudiwa kuwa ngazi kikawa mlango wa kutokea mapema. Wajapani wameshika njia yao: waajiri wao wamepaswa kuwaendeleza wafanyakazi hata miaka 65, na tangu mwaka 2021 sheria yawataka wafanye bidii hata miaka 70. Wengi huko huendelea kwa mshahara mdogo kuliko wa kwanza, na hilo nalo lina manung'uniko yake. Basi hakuna nchi iliyopata dawa isiyo na uchungu. Lakini wamekubali kulitazama jambo.

Huku kwetu liko jambo moja la ajabu. Mgodi wa dhahabu hauruhusiwi kufa ghafula. Kwa sheria zetu za madini mwenye mgodi sharti awe na mpango wa kuufunga, aeleze mashimo yatafanywa nini, maji yatakwenda wapi, na ardhi itarudishwaje. Mgodi wa Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulianza mwaka 2009 na kazi yake ikaisha mwaka 2021, na kabla ya mwisho huo watu walikaa wakashauriana juu ya majengo, uwanja wa ndege na ardhi yake. Vema sana. Lakini mtu aliyefanya kazi miaka 35, ambaye mashimo yake hayaonekani kwa macho, yeye hana mpango wa kufungwa. Ana barua tu, na tarehe.

Na tusizungumze habari za walimu peke yao. Bulyanhulu kazi hufanyika chini ya ardhi, na mgongo wa mtu wa miaka 55 si mgongo wa kijana wa miaka 25. Mtu huyu ajua sauti ya mwamba unaotaka kuanguka, na sauti hiyo haijifunzi mtu kwa karatasi. Akilazimishwa kubeba kama kijana, ataumia. Akiondolewa kabisa, vijana watakosa sikio lake. Lililo jema kwake ni kazi ya nusu: asubuhi aongozane na wapya, mchana arudi nyumbani.

Yako maneno mawili ambayo watu hutujibu tukisema haya, nasi hatutaki kuyaruka.

La kwanza ni hili: vijana waliohitimu ualimu wako wengi mitaani wakingoja ajira, na kila mzee anayekawia amekalia kiti cha kijana. Neno hili ni la haki, tena lina uchungu, kwa kuwa mmoja wa vijana hao ni mtoto wetu wa kumzaa, mwenye cheti tangu mwaka 2019, ambaye sasa auza vocha na kuchaji simu pale senta. Tukisema wazee waongezewe miaka na mshahara wote, tutakuwa tunakula chakula cha watoto wetu. Lakini hatusemi hivyo. Twasema mzee wa miaka 57 aachie theluthi ya vipindi vyake na theluthi ya mshahara wake, na wa miaka 59 aachie nusu. Katika wazee wawili hupatikana nafasi ya kijana mmoja, tena nafasi hiyo hupatikana mapema, wala si kungoja hata wafikie 60. Na kijana huyo ataingia wakati yuko mtu wa kumwonyesha darasa, badala ya kuachiwa ufunguo wa kabati na watoto mia.

La pili ni la pensheni. Mtu husema, "Nikipunguza mshahara katika miaka ya mwisho, pensheni yangu itaharibika." Hofu hii ina msingi, maana watumishi wameona hesabu zikibadilishwa zaidi ya mara moja. Mwaka 2018 ilitangazwa ya kuwa mkupuo utakuwa robo tu ya mafao, watu wakalia, na Rais Magufuli akasimamisha jambo hilo mwezi wa Desemba mwaka ule ule. Mwaka 2022 mkupuo ukawekwa kuwa asilimia 33, na mwaka 2024 Serikali ikatangaza kuwaongezea wale waliokuwa wakipata nusu hapo zamani hata asilimia 40. Basi mtumishi akisikia neno "badiliko," hushika mfuko wake. Lakini hesabu ya pensheni hufuata wastani wa mishahara ya miaka mitatu iliyo bora katika miaka kumi ya mwisho. Kwa hiyo miaka miwili au mitatu ya mshahara pungufu haiwezi kuifuta miaka bora iliyotangulia. Ingetosha sheria iseme waziwazi ya kuwa mtu akishusha kazi kwa hiari, atahesabiwa kama asiyeshusha. Gharama yake ni ndogo kuliko gharama ya darasa lisilo na mwalimu anayejua kazi.

Sasa turudi kwa Mwalimu, maana habari yake haikuishia katika duara.

Mwishoni mwa mwaka 2015 ulitolewa waraka wa elimu bila malipo, na Januari mwaka 2016 watoto walikuja kama maji ya mto. Kipimo cha Serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Darasa letu la kwanza lilikuwa na watoto zaidi ya 150, na mwalimu wake alikuwa msichana aliyetoka chuoni miezi michache tu. Juma la pili tulimkuta nyuma ya stoo analia. Jioni ile tulichukua baiskeli, tukaenda kwa Mwalimu. Hatukujua tuanze wapi. Tukasema, "Mwalimu, miaka mitatu iliyopita tulikukataza jambo. Tumekuja kuliomba." Hakutukumbusha lolote. Aliuliza tu, "Watoto wangapi?"

Fedha ya kumlipa haikuwapo. Sheria yaruhusu mstaafu kurudishwa kwa mkataba, lakini kwa kibali cha juu na kwa ujuzi ulio adimu, na waraka ulikuwa umekataza michango ya lazima, hata tukaogopa kuomba debe la mahindi. Tuliandika barua kwa waliokuwa juu yetu, tukamweleza kuwa ni mzee wa kijiji ajitoleaye kusaidia watoto kusoma, wakakubali. Akaanza na asubuhi tatu katika juma, yeye akiwa na watoto wazito chini ya ule mwembe, na yule msichana akiwa na wengine ndani. Saa nne akaenda nyumbani. Mchana yule msichana alimfuata kwa maswali, naye alimjibu mfano kwa mfano, jinsi ya kumshika mtoto wa mkono wa kushoto, jinsi ya kunyamazisha darasa bila fimbo.

Mwaka 2017 akasema zitoshe asubuhi mbili. Mwaka 2018 akasema moja, kwa kuwa macho yalianza kumsumbua. Siku moja ya mwaka 2019, akiwa na miaka 67, alimkabidhi yule msichana kifurushi cha kadi za herufi alizozikata mwenyewe kwa maboksi, akaja ofisini, akasema, "Leo nimemaliza." Hatukufanya karamu. Alikunywa chai, akaondoka zake kwa mguu, na hatukuona uso wa mtu aliyenyang'anywa kitu. Tulielewa ya kuwa mwaka 2012 alikuwa ameachishwa kazi, na kuacha kwenyewe alikufanya mwaka 2019.

Wenyeji wa Shinyanga wanajua ngitili. Mvua zinapoanza, mzee hutenga sehemu ya malisho, akakataza ng'ombe wasiingie. Majani hukua yakakauka juu ya miguu yake. Kiangazi kikishika, mahali pengine pakibaki vumbi, ndipo hufunguliwa ngitili. Wala haifunguliwi yote mara moja, bali fungu baada ya fungu, ili iwafikishe ng'ombe hata mvua nyingine. Zamani ngitili nyingi ziliharibika na nchi ikawa kama jangwa, hata mwaka 1986 ilipoanzishwa kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iitwayo HASHI, na watu wakaanza tena kutenga. Mtu anayefungua ngitili yote kwa siku moja humwita mpumbavu. Lakini ndivyo tufanyavyo na nguvu za watu wazima: twazifungia kazini zote hata miaka 60, kisha twaziachia zote kwa siku moja zikanyagwe.

Sisi wenyewe tutatimiza miaka 60 mwaka 2027. Ukuu wa shule tuliomba kuuacha mwaka 2021, na yule msichana aliyelia nyuma ya stoo ndiye sasa mkuu wetu. Mwaka huu tulimwendea, tukasema, "Mkuu, tupunguzie vipindi." Akashtuka, akauliza kama tu wagonjwa. Tukamweleza. Mshahara hauwezi kupunguzwa kwa sheria iliyopo, wala hatupendi kula kisicho jasho letu, kwa hiyo tumekubaliana: hesabu ya darasa la sita amepewa mwalimu kijana, na saa zile sisi twakaa naye kupanga masomo, twatazama madaftari, twafundisha wale waliobaki nyuma.

Mbele ya wasomaji twakiri ya kuwa si jambo rahisi. Juma la kwanza tuliketi ofisini tukamsikia yule kijana kupitia ukutani akieleza sehemu na desimali, akikosea mpangilio, na mikono yetu ikawasha. Tuliinuka mara mbili, tukaketi mara mbili. Tena ilituuma kuona ya kuwa watoto walicheka pamoja naye. Tulifahamu hapo ya kuwa ngazi ya kushuka haina sheria tu. Ina kiburi cha mtu pia, na kiburi hicho hakuna Bunge liwezalo kukitungia kanuni. Ni heri kukutana nacho sasa, tukiwa bado na mahali pa kwenda asubuhi, kuliko kukutana nacho siku moja chini ya mwembe.

Basi, ndugu walimu, twatoa mashauri machache. Wewe uliye na miaka 55, usingoje barua. Angalia ni kipindi gani waweza kumwachia kijana mwaka huu, na kipi mwaka ujao, na ni kazi gani ndogo utaishika hata baada ya 60, iwe shamba la miti, ufugaji wa kuku, au watoto wa kijiji wasiojua kusoma. Kiinua mgongo chako usikitie ndani ya shimo kwa sababu tu shimo lina watu wa kuzungumza nao. Wewe uliye mkuu wa shule, mstaafu akija kukaa chini ya mti wako, mwulize amekuja kutafuta nini kabla hujamwambia apumzike. Nanyi mlio na uwezo wa kutunga kanuni, serikalini na katika makampuni ya migodi, tupeni kazi ya nusu yenye mshahara wa nusu na heshima nzima, na nusu ile nyingine wapeni watoto wetu.

Jungu kuu halikosi ukoko, wasema wazee. Jumamosi iliyopita tulikwenda kumwona Mwalimu. Ana miaka 73, macho yake yameingiwa na ukungu. Mjukuu wake alikuwa akimsomea gazeti kwa sauti, naye alikuwa amemwinamia, akimrekebisha kila neno.